Fisi Alipoacha Nyama

Kaeni basi, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi. Mimi nikishaanza sisimami, na sirudii.

Mwaka ule mvua za masika hazikuja. Mvua za vuli nazo, zilipoona wenzao hawakuja, zikaona haya kuja peke yao. Mito ikabaki mchanga mtupu. Nyumbu wakahama, pundamilia wakawafuata, na tembo walikuwa wameondoka kabla ya wote, maana tembo hamuulizi mtu. Wakabaki wasio na pa kwenda, na wale ambao kazi yao ni kuwala wasio na pa kwenda.

Miongoni mwa waliobaki walikuwamo Kondoo na Mbuzi. Walikaa mahali paitwapo Mgungani, mteremko mmoja wenye miti ya migunga juu na nyasi kavu chini. Kondoo alikuwa amezaa karibuni. Mwanawe alimwita Tabu, kwa kuwa wakati wenyewe ulikuwa wa tabu, na hakuona sababu ya kumdanganya mtoto. Kwa hiyo majirani walimwita Mama Tabu. Mbuzi hakuwa na mtoto mwaka ule. Alikuwa na mdomo, na huo ulimtosha.

Sasa sikilizeni walivyokula, maana mambo yote yalianzia hapo. Asiyesikiliza asije akaniuliza baadaye.

Kondoo hula chini. Huinamisha kichwa alfajiri akaja kukiinua jua likiwa la utosi. Nyasi zilizo mbele ya pua yake ndiyo dunia yake. Akizimaliza anasogea kidogo, anakuta dunia nyingine. Mbuzi hula juu. Nyasi kwake ni za kukanyaga. Yeye husimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele akaiegemeza kwenye shina la mti, akachagua majani katikati ya miiba kama fundi anayeng'oa misumari. Akivuta tawi, maganda ya mgunga yenye mbegu huanguka chini, pu, pu, pu. Mbuzi hashuki kuokota kilichoanguka. Ana kiburi chake. Basi Kondoo huja nyuma yake akayala, na maganda yale, muulizeni mfugaji yeyote, ndiyo yaletayo maziwa. Tabu alikuwa akinyonya kazi ya Mbuzi bila mtu yeyote kulifikiria jambo hilo, hata Mbuzi mwenyewe.

Walitaniana kutwa.

"Mama Tabu, utakuja kumeza mchwa wewe!"

"Na wewe shuka huko, dada. Mtu mzima umetundikwa kama nguo."

Ikifika adhuhuri walijilaza chini ya mgunga, mgongo kwa mgongo, mmoja akitazama huku na mwingine kule, wakacheua. Maana mla majani hula mara mbili. Asubuhi humeza harakaharaka, mchana huyarudisha mdomoni akayatafuna upya, polepole, akiwa amefumba macho nusu. Hiyo ndiyo saa yao ya heshima. Saa hiyo hata Mbuzi alinyamaza.

Fisi mnamjua, sipotezi pumzi kumweleza. Alikuwa akiwatazama kwa mbali na mate yanamdondoka. Kila alipojaribu kunyemelea, Mbuzi aliye juu ya shina alimwona mapema, akapiga kelele mpaka ndege wakahama mti. Na pa kujificha hapakuwapo, kwa kuwa Kondoo alikuwa amekwisha kuzinyoa nyasi zote chini ya miti waliyolishia. Fisi akilala pale alionekana mzima, kuanzia masikio hadi mkia. Akakaa kitako akafikiri. Kufikiri kulimchosha, lakini njaa ilikuwa imemchosha zaidi.

Kesho yake akamwendea Kondoo. Akasimama mbali kwa adabu, jani moja limening'inia mdomoni.

"Shikamoo, Mama Tabu."

Kondoo akaruka. "Ukisogea napiga kelele!"

"Usijisumbue, mama. Mimi nyama nimeacha. Tumbo limeikataa. Siku hizi najilia majani yangu, namshukuru Mungu." Akalitafuna lile jani, akalimeza kwa shida kidogo. "Nimepita kukupa pole tu. Maziwa yamepungua, eti?"

Maziwa yalikuwa yamepungua kweli, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimepungua. Lakini mama mwenye mtoto mchanga ukimgusa hapo, umemgusa penyewe.

"Umejuaje?"

"Nani asiyejua? Dada yako anakula mazuri huko juu, yenye wadudu anakutupia wewe. Mimi nisingesema, ila namwonea huruma huyo mtoto."

Siku ile Kondoo alipookota ganda alilitazama kwanza. Akakuta mdudu. Wadudu walikuwamo siku zote. Ila siku ile aliwatafuta.

Kisha Fisi akaenda kwa Mbuzi.

"Dada Mbuzi, wewe una akili, nisaidie. Mti unaishi kwa nini?"

"Kwa mizizi."

"Na mizizi inafunikwa na nini isiungue na jua?"

"Na nyasi."

"Na nyasi anazimaliza nani?"

Mbuzi akazitazama nyasi zilizonyolewa chini yake. Alikuwa mbishi tangu kuzaliwa, na hapa aliletewa ubishi uliokwisha kupikwa, wa kupakua tu.

Adhuhuri hiyo hawakulala mgongo kwa mgongo. Walisimama uso kwa uso.

"Unanitupia wadudu!"

"Unaniulia miti!"

"Mtoto wangu anakosa maziwa kwa roho yako mbaya!"

"Na mimi nitakula nini miti ikikauka? Nikule wewe?"

Hakuna aliyekubali kushindwa, basi wakaenda kwa Simba.

Simba alikuwa juu ya jabali lake. Tangu azaliwe hakuwahi kula jani hata moja, na hakupenda kuulizwa jambo asilolijua. Kwa hiyo jambo kama hilo alilijibu haraka.

"Malisho ni mamoja?"

"Ni mamoja, mfalme."

"Walaji ni wawili?"

"Wawili."

"Basi yakatwe katikati. Kutoka kwenye kichuguu mpaka korongoni. Mashariki ya Kondoo, magharibi ya Mbuzi. Nani mwingine ana shida?"

Sungura alikuwapo, kwa sababu Sungura huwapo. "Uishi miaka mingi, mfalme. Ila hawa hawali kitu kimoja. Mmoja anakula cha chini, mwenzake..."

"Majani ni majani."

"Ndiyo, mfalme, lakini yapo ya..."

"Unataka kunifundisha majani?"

"Nitathubutu wapi?" akasema Sungura, akakaa.

Hapo Fisi akajikohoza. "Mfalme, mpaka usio na mlinzi ni mchoro tu wa mchangani. Mimi nyama nimeacha, sina faida kwa huyu wala kwa yule. Nitaulinda mimi. Ila mlinzi bila nguvu ni kinyago. Atakayevuka mpaka awe wa mlinzi."

Simba alimtazama Fisi kwa upendo ambao hakuwahi kumtazama nao. Fisi aliyeacha nyama ni nyama iliyobaki kwa Simba. "Iwe hivyo," akasema. "Na neno langu halirudi."

Mbuzi aliona jambo hili halijakaa sawa. Fisi na majani wapi na wapi? Alitaka kumnong'oneza Kondoo, akamkuta amempa mgongo. Akaona, ah, na mimi nina mgongo. Akaenda zake.

Basi kila mmoja akakaa upande wake.

Upande wa Mbuzi majani yalikuwapo. Alivuta matawi, maganda yakaanguka, yakabaki palepale yakikauka bila mwokotaji. Nyasi za upande ule, ambazo Kondoo alikuwa hajazifikia, zikabaki zimesimama, kavu, ndefu, zikimfika mabegani, maana kinyozi wake alikuwa ng'ambo. Adhuhuri alilala peke yake. Akitazama huku, nyasi za nyuma zinachakarisha. Akigeuka, zinachakarisha za upande aliotoka. Kucheua kunataka utulivu. Mbuzi akawa ana chakula na anakonda.

"Nimemkumbuka yule mnyamavu," akasema siku moja kwa sauti, kisha akatazama kama kuna aliyemsikia.

Alikuwapo. Sungura alikuwa na malazi yake kwenye nyasi zile. Sungura hakuwa na huruma nyingi, lakini alipenda usingizi, na siku hizi Fisi alikuja kulala karibu naye na kukoroma.

"Dada," Sungura akamwambia Mbuzi, "mla majani wetu amejilaza kwenye nyasi zako. Na nimekiona kinyesi chake. Cheupe kama chaki."

"Cheupe?"

"Cheupe. Hiyo ni mifupa, dada. Majani hayatoki hivyo."

"Mwambie mfalme."

"Nimetoka huko. Mfalme amesema hakagui kinyesi."

Mbuzi akatafuna hewa kidogo. "Haya. Na mimi nifanyeje? Mama Tabu ndiye aliyenituhumu kwanza."

"Usifanye kitu," akasema Sungura. "Endelea kukonda."

Upande wa Kondoo mambo yalikuwa mabaya. Alikula nyasi mpaka akafika kwenye mizizi, akala na mizizi. Juu ya kichwa chake maganda yalining'inia kwa wingi, yamenona, na hayakuanguka. Aliupiga mti kwa kichwa. Mti haukujali. Kiwele kikawa tepetepe. Tabu alinyonya akalia. Siku zilizofuata akawa ananyonya bila kulia, na hilo ndilo lililomtia mama yake hofu kubwa. Mtoto anayelia bado anadai.

Siku moja kabla ya adhuhuri Kondoo alisimama mpakani. Ng'ambo, chini ya miti ya Mbuzi, maganda yalikuwa yametapakaa. Alijua sheria. Alijua mlinzi yupo mahali fulani.

"Akinila mimi, huyu atanyonya nani?" akajiuliza. "Na nisipovuka, atanyonya nini?"

Machozi yakamtoka. Akavuka. Tabu akamfuata nyuma, kwa kuwa kizazi chao ni kufuata. Kondoo akainama akala, na Kondoo akishainama mnajua.

Mbuzi aliwaona kutoka juu ya shina. Neno la kwanza lililomjia lilikuwa tusi, na lilikuwa tusi zuri, alikuwa ameliandaa muda mrefu. Hakuwahi kulitoa. Aliona nyasi zinapasuka nyuma ya Tabu, na upepo hakuna.

"Mama Tabu, kimbia! Fisi huyo! Fisi nyuma yako!"

Kondoo aliruka. Tabu miguu ilimshinda. Fisi alitokeza akamwangusha, akambana chini kwa mguu, na kabla hajafungua kinywa sawasawa Mbuzi alikuwa amekwisha kushuka na kumtia pembe ubavuni, akipiga kelele ambazo sitazirudia hapa. Kelele zile zikamwamsha Simba jabalini. Akaja amekasirika, kwani alikuwa ameota anakula.

"Nani ananiamsha?"

"Ni sheria yako, mfalme," akasema Fisi, akihema, mguu bado juu ya Tabu. "Huyu amevuka. Atakayevuka ni wa mlinzi."

"Amevuka?" Simba akauliza.

"Amevuka," akasema Kondoo. Akapiga hatua mbele. "Nimemvusha mimi, mfalme. Alikuwa anakufa kwa njaa. Nichukue mimi, umwache yeye."

Simba akamtazama Kondoo, akamtazama yule mtoto. Jambo lile halikumpendeza, lakini kulibadili kungekuwa kusema alikosea, na hilo halikumpendeza zaidi. "Neno langu halirudi," akasema, akatazama pembeni.

Fisi akameza mate.

"Kweli kabisa," akasema Sungura kutoka kwenye nyasi. "Sheria ni sheria. Tabu ni wa mlinzi."

"Mshenzi wewe!" Mbuzi akamgeukia. "Kumbe na wewe!"

"Dada, tulia. Mlinzi ni mla majani. Kondoo mdogo atamfanya nini, zaidi ya kumlea? Ni jambo la heri." Akamgeukia Simba. "Ila mfalme, jua liko utosini. Ni saa ya kucheua. Bwana Fisi tangu aingie katika majani hajacheua na wenzake hata siku moja. Watu wataanza kusema. Wacheue pamoja kwanza mbele yako, kisha aondoke na mwanawe."

Simba alipenda shughuli yoyote ambayo yeye hukaa na wengine wakafanya. "Cheueni," akasema, akakaa.

Kondoo na Mbuzi wakalala. Wakajikuta mgongo kwa mgongo, na hakuna aliyesogea. Fisi naye akalala, mguu mmoja juu ya Tabu, akafumba macho nusu kama alivyowaona wakifanya, akaanza kutafuna. Ka, ka, ka.

Simba akatazama. Akaona ni wala majani watatu, wote wanatafuna, mambo yamekwisha. Akataka kusimama.

"Mfalme," akasema Kondoo. Hakuwahi kumkatiza mtu maishani mwake. "Samahani. Taya lake linakwenda juu na chini."

"Taya huenda wapi?"

"La mla majani huenda kando, mfalme. Anasaga. Nitazame mimi."

Simba akamtazama Kondoo: kando, kando. Akamtazama Mbuzi: kando, kando. Akamtazama Fisi: ka, ka, ka. Kisha akalijaribu na taya lake mwenyewe, kidogo tu, kwa siri. Lilikwenda juu na chini. Akalifunga upesi.

"Mimi ni mgeni katika majani, mfalme," Fisi akasema haraka. "Najifunza."

"Na unatafuna nini humo?"

"Majani ya asubuhi."

"Rudisha nione."

"Mfalme, mbele za watu..."

"Rudisha."

Fisi akainama. Akajikamua. Labda alitumaini litatoka lile jani alilokula siku ya kwanza. Ikatoka kikohozi. Akajikamua tena, na tumbo la Fisi likishaamua kutoa halichagui. Likatoka bonge kubwa la nywele nyeusi, na katikati ya bonge vipande vya mfupa.

Wote wakalitazama.

"Majani gani haya?" Simba akauliza.

"Ya msituni ndani," akasema Fisi kwa sauti ndogo.

Simba akainama akanusa. Akanusa tena. Akainua kichwa taratibu. "Hizi ni nywele za nyati. Mwaka huu nyati amekufa mmoja tu hapa, na niliyemwua ni mimi. Paja lake nililificha nyuma ya jabali, nikaja nikalikosa. Nimelitafuta, nikadhani uzee umeniingia, sikumwambia hata mke wangu."

Fisi akauondoa mguu wake juu ya Tabu, kwa kuwa sasa alikuwa anauhitaji. Simba alimwahi kwa kofi moja la kiunoni. Fisi alibingirika mpaka kwenye kichuguu, akainuka, akatoka Mgungani akiburuza mguu, na huko alikokwenda nyasi hazikuwapo, nyama haikuwapo, na hapakuwa na mtu wa kumwambia pole.

Tabu alijiburuza akajiingiza chini ya mama yake, akanyonya kiwele kikavu. Kondoo akamlamba na huku analia waziwazi. Mbuzi akaenda moja kwa moja ng'ambo kwa Kondoo, kwenye migunga ile iliyonona, akauparamia mti wa kwanza.

"Dada, mpaka!" Kondoo akashtuka. Wote wakamtazama Simba.

"Neno langu halirudi," Simba akasema, ila safari hii kama mtu anayeomba asaidiwe.

"Haliwezi kurudi," akasema Sungura. "Wala mpaka hauvunjwi. Ila mfalme alisema katikati ya juu na chini, sisi tukasikia kichuguu na korongo. Kilicho juu kuliko mgongo wa Mama Tabu ni cha Mbuzi. Kilicho chini ya hapo ni cha Mama Tabu. Kinachoanguka kimevuka mpaka chenyewe."

Simba akafikiri muda mrefu, kwa uso wa mtu anayekumbuka maneno yake.

"Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo," akasema. "Ninyi hamsikilizi." Akaenda kulala.

Mbuzi akavuta tawi kwa nguvu zake zote. Maganda yakamwagika, pu, pu, pu, mengine juu ya kichwa cha Kondoo.

"Yana wadudu, nakuambia mapema," Mbuzi akasema kutoka juu, bila kumtazama.

"Mwaga tu, dada," Kondoo akajibu kinywa kimejaa. "Mwaga."

Alikula mpaka kigiza kikaingia. Asubuhi yake maziwa yakaja, machache, mazito. Tabu alinyonya akalia yalipokwisha, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwa mama yake kuliko mvua, ambayo, msiulize, ilikuwa bado haijaja.

Mimi koo limenikauka, mengine ulizeni wenyewe Mgungani. Ila wahenga walisema: la kuvunda halina ubani.